Majivu Kwenye Mirtili

Kapu la kwanza la mirtili, yale matunda madogo ya buluu, lililoingia jikoni kwetu Gitega, mimi nililiponda kwa majivu. Sikuliunguza wala sikuliangusha. Nilikaa kwenye kigoda, nikavua saa, nikaziponda zote kwa mikono miwili, nikachanganya na majivu niliyoyachekecha vizuri, nikaanika kwenye gunia juani. Kisha nikanawa na kujisifu. Ninyi mnaobaki jikoni mmeisikia hadithi hii kwa vipande, na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Janina anasema nilikuwa ninaimba. Si kweli. Nilikuwa ninapiga mluzi.

Siku mliyoniaga mlinipa sufuria mpya, mkaniomba niandike niliyoyaona kazini, ili nisiwe ninakuja kila asubuhi kuwasimulia. Nimeelewa. Basi nimekaa hapa Yoba, kibarazani kwangu, ninaandika. Habari za mshahara na vyeo ninaziruka: mshahara uliliwa, na cheo, niliingia mpishi nikatoka mpishi. Safari nazo msizitegemee, maana mimi ni mtu wa nyumbani. Nilikulia Tanzania, kwenye makazi ya wakimbizi, chini ya paa ambalo kila mwaka tuliambiwa ni la muda tu. Mtu wa namna hiyo akipata mlango wake wa kufunga, hatoki ovyo. Humu kuna safari mbili: ya kurudi nchini, na ya kwenda Ryansoro. Ya Ryansoro ndiyo iliyonichosha zaidi.

Tulirudi amani ilipokuja, kwa lori, kupitia mpaka wa Kobero. Lori lilijaa magodoro, kuku na shemeji zangu. Nilipanda kwa sababu kila niliyemjua alikuwa ameshapanda, na ningebaki nyuma nani angenipigia kelele? Tukashuka Muyinga. Mama yangu alikuwa amefunga kwenye kitambaa tonge moja gumu la majivu, ndani yake mbegu za mnavu, mboga ambayo huku wanaiita isogo. Ndivyo alivyotunza mbegu miaka yote ya ukimbizini: vitunda vyeusi vya mnavu vikiiva anaviponda, anavichanganya na majivu, anaanika. Mdudu hagusi. Aliniambia, "Vyombo vitanunuliwa. Mbegu ya mtu hainunuliwi." Likumbukeni tonge hilo, ndilo lililonitia aibu baadaye.

Muyinga mjini, Madamu Goreti alikuwa na nyumba ya wageni na alitafuta mtu wa jikoni. Nilikuwa na cheti cha sekondari, na nilikuwa nimepika kwenye shule, chakula cha kukoroga kwa mwiko mrefu kama kasia. Madamu akasoma cheti, akanipima kwa macho kuanzia shingoni hadi mkandani. "Bon," akasema. "Mpishi mwembamba mi simuamini. Lakini tutajaribu."

Aliyenipokea jikoni alikuwa Mzee Ramazani, Mwislamu wa mjini hapo hapo, mpishi tangu enzi za jiko la chuma la kuni lenye vifuniko vya mviringo. Jiko hilo alilijua kuliko alivyowajua watoto wake, na alilisifu zaidi. Nikamsalimu kwa shikamoo kamili.

"We mutoto ya Tanzania," akasema, "Kiswahili yako iko safi kama ya radio. Sasa tuone kama kisu nayo iko safi."

Nikakata kitunguu kimoja. Akakitazama kama mtu anayetazama maiti ya jirani.

"Hapana. Hii umepasula kuni. Enda utoe majivu."

Nikatoa majivu. Nilitoa majivu kila alfajiri kwa muda mrefu kabla sijaruhusiwa kushika kitunguu kingine, na msidhani ninalalamika. Majivu yana kazi nyingi kuliko baadhi yetu. Nilisugulia masufuria, nilichanganya na maharage yasibunguliwe, nilimwaga chooni, nilinyunyiza shinani mwa mboga. Mzee Ramazani hakuwa na takataka jikoni mwake, alikuwa na vitu ambavyo zamu yake haijafika. Kwa hiyo kazi ya kwanza niliyoijua vizuri nchini mwangu ilikuwa ya majivu, na mtu hupenda kile anachokijua vizuri.

Baada ya majivu kikaja kisu. Kisu chake kilikuwa kimenolewa hadi kimekuwa chembamba kama jani la mgomba lililokauka. Baada ya kisu, ulimi. "Kitu hujui," alisema, "kwanza uliza ulimi. Ulimi haisemake uongo. Macho ndiyo inadanganya watu." Alinilazimisha kuonja kila kinachoingia mlangoni: chumvi mpya, mafuta mapya, hata maji ya bomba baada ya mvua.

Na baada ya ulimi, sahani. Hili aliliweka juu ya yote. Tulikuwa na mgeni mmoja, mfanyabiashara wa kahawa, aliyekuwa na maneno matamu. Kila jioni alikuja hadi mlango wa jiko akiweka mkono kifuani: hajawahi kula hivi, mama yake mwenyewe hakupika hivi. Mimi nilikuwa ninavimba. Siku ya nne Mzee akanivuta hadi kwenye beseni la vyombo, akanionyesha sahani ya bwana yule. Nusu ya chakula ilikuwa imefichwa chini ya jani la kabichi.

"Usisikize mudomo ya mugeni," akasema. "Mudomo iko na adabu. Angalia sahani vile inarudi."

Tangu siku hiyo nimesimama karibu na beseni. Mnajua. Mmenicheka kwa hilo miaka yote, kwamba Mzee Deo anasoma sahani kama wengine wanavyosoma gazeti.

Madamu alipofungua nyumba kubwa zaidi Gitega, alitaka kutuchukua wote wawili. Mzee Ramazani akakataa. "Gitega iko baridi, na magoti yangu iko ya zamani." Akanipa kile kisu, akanifunga kidole kimoja kwa kitambaa kabla sijajikata, kwa sababu alijua nitajikata. Nilijikata kwenye basi.

Gitega nilipanga Yoba, nikanunua kitanda, nikafunga mlango, nikaridhika. Nyuma ya jiko la Madamu kulikuwa na kipande cha ardhi tupu, nami nilimsumbua kwa miezi mingi: nitafutie mbegu za mnavu, nifanye bustani. Za mama yangu zilikuwa zimebaki Muyinga kwa dada. Madamu alijibu "nitaona," ambalo ni jibu lake kwa kila kitu kisicholeta mgeni.

Sasa niwaambie habari za Spesiyoza. Ninyi mnamjua kama mama wa mirtili, anayeingia na makapu akipiga kelele mtu amfungulie mlango. Wakati ule hakuwa na kelele. Tulikuwa naye makazi yale yale kule Tanzania, nyumba yao mtaa wa pili kutoka kwetu. Mumewe alifia kule. Yeye akarudi na watoto kwenye kilima cha mume, Ryansoro, na shemeji yake mkubwa, Simeoni, ndiye aliyemkatia ardhi. Alimkatia mteremko mmoja ulioota kangaga tupu, yale majani yaliyochanika kama kitana, ambayo yakionekana mahali kila mkulima anajua udongo umechacha. Maharage yalitoka ya njano. Mahindi yalifika magotini yakachoka.

Mtaalamu mmoja wa kilimo alipita na miche ya majaribio. Akasema kuna tunda la kizungu, mirtili, ambalo linautaka udongo mchachu kama huo na kuukataa mzuri. Akamwachia miche, kisha akahamishwa kama ilivyo kawaida yao. Spesiyoza akaitunza. Akaitandazia majani ya misonobari, akaibebea maji kutoka bondeni, majirani wakimuuliza ni lini atavuna hayo maua yake. Ikakua vichaka. Ikazaa.

Hapo Simeoni akasema neno lake. Ardhi isiyolisha mtu afadhali iote miti. Kama hadi mvua inaanza hajapatikana wa kununua tunda hilo, yeye atapanda mikaratusi mteremko mzima. Na kwetu hilo halihitaji karani: aliyepanda mti ndiye mwenye mahali. Mikaratusi ya Simeoni ikishika mizizi, Spesiyoza na watoto wake wangebaki na kiwanja cha nyumba na adabu ya kuomba.

Spesiyoza akaja kwa Madamu. Madamu hakumpa ahadi bure. Alisema: lete kapu, Jumapili nina wageni wengi wa chakula cha mchana, mpishi wangu akilipatia kazi tunda lako, nitanunua kila unachovuna. Mimi sikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Niliambiwa tu, Madamu akiwa anapanda gari kwenda Bujumbura: "Deo, kuna matunda yanakuja kutoka Ryansoro. Yatafutie kazi."

Matunda, kwangu, ni kitu cha kushika mkononi. Nanasi. Embe. Ijumaa asubuhi kijana wa baiskeli akashusha kapu lililofunikwa kwa majani ya mgomba, akasema la Madamu, akaondoka. Nikafunua. Ndani, vitu vidogo vya mviringo, rangi kati ya buluu na nyeusi, vina vumbi jeupe juu kama vimepakwa unga. Mnavu! Madamu amenisikia, ameniletea mbegu, tena aina iliyonenepeshwa na wataalamu. Matunda ya Ryansoro nikayasahau. Yatakuja baadaye, nikajiambia.

Sikuonja. Mnavu nimeula tangu nina meno ya maziwa, niuonjee nini? Nikaponda. Majivu yalipoingia, ile buluu ikageuka kijani chafu, nami nikafurahi zaidi, nikisema ndiyo, mbegu imekubali.

Madamu alirudi mchana. "Deo, mirtili zimefika?"

"Hazijafika, Madamu. Zimefika mbegu zako za mnavu. Asante sana."

Akatazama kapu tupu. Akatoka nyuma, akatazama gunia. Madamu Goreti ni mtu wa kusema, lakini mchana ule alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaingia ndani na kufunga mlango polepole. Ningependelea angeupiga.

Spesiyoza alikuja saa tisa kusikia majibu. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumweleza, kwa hiyo nikampeleka kwenye gunia. Akachuchumaa, akachukua donge moja, akalinusa.

"Kaka Deo," akasema, "hivi ndivyo mama alivyokuwa anatunza mnavu."

"Na mama yangu pia."

"Najua. Walikuwa wanaanika pamoja." Akalirudisha donge mahali pake, taratibu, kama yai. Halafu akakaa chini kabisa. "Shemeji ameshashusha miche ya mikaratusi. Iko kwenye kona ya shamba, ameifunika na magunia mabichi."

Nikasema jambo ambalo mtu wa nyumbani hasemi. Nikasema kesho nitakuja Ryansoro mwenyewe.

Nilikwenda kwa pikipiki. Njia nzima nilifumba macho, kwa hiyo mandhari siwezi kuwasimulia. Spesiyoza alikuwa shambani na binti yake, wanachuma zilizobaki, zile za chini ya majani ambazo ziliiva kwa kuchelewa. Akanionyesha: ile inayodondoka mkononi ukiigusa imeiva, inayong'ang'ania iache. Nikaweka moja mdomoni. Ngozi ikapasuka kidogo, ukaja utamu, na nyuma yake uchachu mdogo, kama mtu mpole aliyekasirika. Mnavu hauna hata jamaa na ladha ile. Nikamkumbuka Mzee Ramazani, nikaona aibu hadi kwenye nyayo.

Simeoni alikuwa juu ya mteremko, jembe mkononi. Mashimo yalikuwa yameshachimbwa mstari mmoja, safi, kama ya mtu anayejua kazi. Akashuka, akanisalimu vizuri kwa Kirundi, kwa mikono miwili. Hakuwa mtu mbaya, acha niandike hilo, maana Janina humsimulia kama fisi. Alikuwa na watoto wengi na kilima kidogo.

"Wewe ndiye mpishi wa majivu?"

Habari Ryansoro zinafika kabla ya pikipiki. "Ndiye mimi."

"Nilidhani ni mzee zaidi." Akachuma mirtili moja, akaizungusha kwenye vidole, hakuila. "Tunda ni chakula cha watoto na wachunga mbuzi. Mtu mzima hakai mezani akala tunda. Wewe mwenyewe, mpishi, uliliona ukadhani ni mbegu ya mboga. Sasa nani atalinunua?"

Hoja ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa sababu mimi ndiye niliyempa.

"Njoo kesho uone," nikasema.

"Nitakuja. Mvua haingoji, lakini nitakuja. Nikiona watu wazima wamekula na kutaka tena, nitakubali. Nisipoona, Jumatatu ninapanda, na wewe utanisaidia kushika miche."

Spesiyoza hakuinua kichwa. Aliendelea kuchuma, moja moja, na kapu lilikuwa halijai.

Jumapili Simeoni alifika mapema, koti la kanisani, kofia mkononi. Madamu akamkaribisha mezani. Akakataa, hakuona sababu ya kukaa kwenye viti na wageni asiowajua. Akaja jikoni. Jikoni mtu asiye na kazi ni hatari kuliko moto, kwa hiyo nikampa kigoda karibu na beseni na viazi vya kumenya. Nikamwambia siri ya Mzee Ramazani: asisikilize wanachosema ukumbini, atazame sahani zinavyorudi.

"Hiyo ninaielewa," akasema. "Hata ng'ombe hivyo hivyo. Unatazama hori."

Spesiyoza alisimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge.

Kwanza nilipeleka mishikaki ya mbuzi. Nilikuwa nimekaanga kitunguu hadi kikalainika, nikatia mirtili konzi tatu, siki kidogo, chumvi, pilipili moja nzima isiyopasuliwa, nikaacha zipasuke zenyewe hadi ukapatikana mchuzi mzito wa zambarau. Ulikuwa mzuri. Sahani zikarudi zimepanguswa kwa mkate. Janina, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kazi, akaziweka mbele ya Simeoni moja moja kama ushahidi.

Simeoni akazigeuza. "Mbuzi ndiye aliyeliwa hapa," akasema. "Mbuzi angeliwa hata na mchuzi wa mawe."

Kweli tupu. Nikasema ngoja keki.

Keki niliitegemea. Niliwahi kuona picha yake kwenye gazeti moja la kizungu la Madamu, keki ya njano yenye madoa ya buluu. Nikaichanganya kwa mkono wangu, na kwa kuwa nilitaka iumuke vizuri mbele ya Simeoni, nikazidisha magadi. Hamhitaji kuambiwa, mnajua leo: magadi na majivu ni ndugu. Nilipoikata, kila mirtili ilikuwa na duara la kijani kuizunguka, kama mkate uliosahaulika kabatini. Muda ulikuwa umekwisha. Nikapeleka.

Ikarudi yote. Vipande vimekaa kwenye sahani kama vilivyokwenda, kimoja kina alama ya uma pembeni, mtu alikichokoa akaogopa. Ukumbini nilimsikia mama mmoja akimwambia Madamu kwamba keki ni nzuri sana, ameshiba tu.

Simeoni akaweka kisu cha viazi. Akakung'uta maganda kwenye koti, akachukua kofia. Hakucheka wala hakujigamba, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Jumatatu si lazima uje," akaniambia. "Nina vijana."

Mimi nilishika bakuli la mwisho la mirtili mbichi, nikaanza kutafuta sukari, sufuria, ndimu, yote kwa pamoja. Nilitaka kuchemsha. Sijui nini, kuchemsha tu. Mkono ukanishika.

"Kaka Deo," akasema Spesiyoza, "kwa leo acha kupika."

Akalichukua bakuli. Akauliza maziwa ya mgando yako wapi. Akayamimina kwenye vikombe vya chai, akatia asali kijiko, juu yake akaweka mirtili nzima nzima, mbichi, bila kuzigusa zaidi. "Watoto wangu wanakula hivi shambani," akasema, kama anayejiambia mwenyewe. Akampa Janina sinia.

Tukangoja. Simeoni alikuwa ameshafika mlangoni, lakini mlango ule unatazama ukumbi, na mtu hawezi kupita katikati ya sinia. Akabaki amesimama. Mimi nilisimama kwenye beseni. Ukumbi ukanyamaza, na wapishi mnajua kwamba ukumbi hunyamaza kwa sababu mbili, na hujui ni ipi hadi vyombo virudi.

Vikombe vikarudi. Simeoni akachukua cha kwanza, akakiinamisha kwenye mwanga. Akachukua cha pili. Hakukuwa na kitu, hata maziwa ya pembeni. Mtu mzima alikuwa amepitisha kidole.

"Huyu amelamba," akasema.

Janina akaingia tena. "Wanauliza kama iko ingine."

"Imekwisha," nikasema.

Simeoni akamgeukia shemeji yake. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwambia neno. "Wiki ijayo zitakuwepo nyingine?"

"Vichaka vikiwepo," Spesiyoza akajibu, "zitakuwepo."

Simeoni akakizungusha kikombe mkononi kama alivyoizungusha ile mirtili. Kisha akakiweka ndani ya beseni, akavaa kofia. "Ile miche," akasema, "inaweza kukaa kule chini kwenye korongo. Kule maji yanakula ardhi." Akatoka kwa mlango wa nyuma. Kwenye kizingiti akarudi hatua moja, akachukua kipande cha keki ya kijani, akakila chote amesimama. Mtu wa Ryansoro hatupi unga.

Spesiyoza akakaa kwenye kigoda alichokiacha shemeji yake na kumalizia kumenya viazi. Alimenya hadi viazi vyetu vya Jumanne.

Yaliyofuata mnayajua, maana mmeyala. Simeoni mwenyewe ndiye aliyekuja kuleta makapu kwa baiskeli miaka ile ya kwanza, akimweleza kila aliyemkuta njiani kwamba mteremko ule alimchagulia shemeji yake kwa kuona mbali. Spesiyoza hakumkatalia hata siku moja. "Acha aone mbali," aliniambia. "Mimi ninavuna karibu." Leo mteremko wote ni vichaka, na binti yake ndiye anayepanga bei na Madamu, wakipigana kwa maneno hadi chai inapoa.

Kuhusu kupika, nimebakiza machache kwa ajili yenu. Msioshe mirtili zikifika. Osheni mnapotumia, ule unga mweupe juu ndio koti lake. Za keki zipakeni unga wa ngano kidogo zisizame, mkoroge mara chache, ama mtapata rangi ya saruji. Ndimu huzifanya nyekundu na changamfu. Magadi, nimeshasema. Jamu iwe na sukari chini ya mnavyodhani. Kwenye uji wa mtama zitieni uji ukishaepuliwa. Maini ya mbuzi yanazipenda kuliko nyama. Na kama mna mirtili nzuri, zimeiva, za asubuhi hiyo, na mikono inawawasha kutaka kufanya kitu, kaeni juu ya mikono yenu.

Mzee Ramazani sikuwahi kumwonjesha kwa mkono wangu. Nilimpelekea chupa ya jamu Muyinga kwa mtu wa basi. Ilirudi wiki iliyofuata tupu, imeoshwa, haina barua. Nililia kidogo, Janina aliona, akasema ni kitunguu. Ahsante, Janina.

Siku ya kuniaga, Spesiyoza aliniletea mche mmoja kutoka mteremkoni, na kitonge cha udongo wake kwenye mfuko. Nimeupanda hapa Yoba, mbele ya kibaraza, mahali palipo na udongo mweusi kabisa, ambao nimeulisha majivu ya jiko langu miaka yote niliyokaa hapa. Nyanya zangu zinapendeza. Mchicha unafika kiunoni. Mche umekuwa wa njano, na juzi umeangusha jani la mwisho.

Jirani yangu Mama Zuwena, anayeuza vitambaa na kuona kila kitu juu ya ua, alinikuta nimechuchumaa mbele ya kijiti hicho. Nikamweleza kirefu: habari za uchachu wa udongo, kangaga, majivu yanavyouua uchachu huo, tabia ya mirtili kukataa ardhi nzuri, na kwamba ninayaandika yote haya ili vijana wajifunze. Alinisikiliza hadi mwisho, mkono kiunoni. Kisha akasema:

"We Deo, ule mama walimupa udongo mubaya akavuna matunda. We uko na udongo muzuri, na unavuna maneno tu."